Kiingereza cha Mtani Wangu

Novemba 17

Leo mjukuu wangu Theodora ameongea kwenye simu dakika nzima bila kupumua. Ana miaka saba. Sauti inapanda, inashuka, mara anacheka peke yake, mara ananiuliza kitu na kungoja jibu. Mimi nikabaki na "yes, yes" yangu. Halafu mama yake, mwanangu Pelagia, akachukua simu akanitafsiria:

"Anakusalimia, Mama."

Dakika nzima, halafu anakusalimia!

Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na kumi na miwili kati ya hiyo nilifundisha Kiingereza chenyewe. Lakini changu ni cha ubaoni: hii ni kalamu, lile ni dirisha. Cha Theodora ni cha Derby, alikozaliwa, ambako Pelagia anahudumia wazee na mumewe anaendesha basi. Kiswahili mama yake hakumfundisha. Anasema zamu za kazi zilimmaliza nguvu.

Wanakuja Aprili, likizo ya Pasaka, mara ya kwanza kwa mtoto. Nina miezi mitano. Naandika hapa ili nisije kujidanganya baadaye: akifika, sitatafsiriwa mjukuu wangu. Nitaongea naye mimi mwenyewe.

Novemba 19

Mvua ya kwanza ya maana. Nimepanda karanga nyuma ya nyumba mpaka kwenye uzio, mbegu nilizopewa na rafiki yangu mkulima wa Kipalapala. Mgongo unauma.

Novemba 22

Nimepata mwalimu, na nimejuta kabla ya somo la kwanza. Ni Adinani, fundi cherehani wa Gongoni. Alikaa Derby miaka kumi na moja akishona mapazia kiwandani, kisha akarudi hapa mjini. Mji uleule wa mjukuu wangu! Tabora yote sidhani kama yuko mwingine.

Taabu ni kwamba Adinani ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi. Watu wake na watu wangu ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hana adabu. Ana ruhusa ya kunitolea neno lolote mbele ya watu, nami sina ruhusa ya kukasirika. Nami vilevile kwake.

"Mnyamwezi anataka Kiingereza!" akapiga kelele kabla sijakaa. "Babu zako walitembea miezi mitatu na mizigo kichwani mpaka pwani, wakaiona bahari wakarudi na kiu. Wewe utaweza?"

"Na babu yako alifuatana nao kurudi," nikamjibu, "akaahidi kusaidia kubeba, akajilaza kwenye baraza hii mpaka leo."

Wateja wakacheka. Amekubali kunifundisha kila Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi.

Novemba 26

Somo la kwanza. Kamusi yangu ameiona, ameichukua, ameiweka chini ya mguu wa meza yake inayoyumba. "Hii itatufaa hapa," akasema. "Wewe andika kwa masikio. Ukisikia chiyaz, andika chiyaz."

Chiyaz wanasema wakigonganisha glasi. Lakini pia ni asante. Pia ni kwaheri. Pia ni samahani kidogo ukimpisha mtu mlangoni. Tii si chai tu: mtoto akikwambia amekula tii, amekula chakula cha jioni, viazi na maharage, na chai yenyewe pengine hakuiona. Brilianti si kitu cha kung'aa. Ukimwambia mtu basi lile linakuja, atakujibu brilianti.

Nikamuuliza hiyo ni lugha gani ambayo neno halitulii sehemu moja. Akaniuliza neno "kaa" nilikuwa nalifundishaje darasani: la moto, la baharini, la kukaa kitini au la kukaa Ipuli, ninakoishi? Nikainamisha kichwa nikaandika.

Desemba 3

Mvua asubuhi hadi jioni. Karanga zimechungulia.

Desemba 13

Maneno ya Derby kwenyewe, ambayo Adinani anasema hata Waingereza wa Landani hawayajui. Madi: mtoto aliyenuna. Neshi: mtu anayeogopa baridi. Kob: mkate mdogo wa mviringo. Adinani anasema mwaka wake wa kwanza alikuwa neshi na madi kwa pamoja, akiishi kwa kob.

Nimepalilia mistari minne.

Desemba 25

Nimetoka misa, nimepika, Pelagia amepiga. Theodora akaniongelesha kwa muda mrefu, na safari hii nikakaza masikio kwelikweli. Nikasikia tii. Nikasikia madi! Kuna mtu alinuna wakati wa chakula cha jioni. Kama ni yeye au baba yake sikushika. Pelagia akachukua simu: "Anakutakia Krismasi njema, Mama."

Kumbe mwanangu ananipunja! Mtoto ananisimulia habari za nyumba nzima, mimi naletewa salamu. Lakini nilicheka mwenyewe jikoni mpaka jirani akaita kuuliza kulikoni.

Januari 10

Siku ya tisa bila mvua. Karanga zimejikunja majani. Nimemwagilia kwa ndoo mstari mmoja tu, kisima kiko mbali.

Januari 12

Bado.

Januari 17

Mvua imerudi, namshukuru Mungu. Na leo Adinani amenifundisha salamu kamili ya bibi kwa mjukuu: ei-ap mi dak.

"Ei-ap ni hujambo," akasema. "Mi dak ni bata wangu."

"Bata?"

"Bata. Dereva ni bata, mwuza mboga ni bata, mtoto ni bata, bosi ni bata. Ukimpenda mtu, au hata usipomchukia, ni bata."

Nikamtazama usoni kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa, lakini mtani akikudanganya ndivyo uso wake unavyokuwa. Nimeamua kumwamini. Nimefanya mazoezi nikipalilia, mstari mmoja kwenda, mstari mmoja kurudi: ei-ap mi dak, ei-ap mi dak.

Februari 9

Nimeaibika. Naandika kwa ufupi. Pelagia alipiga, nikamwambia, "Mpe mtoto kwanza, usinisemee." Nikavuta pumzi, nikasema: "Ei-ap mi dak!"

Halafu kicheko. Si kicheko cha kawaida, ni cha mtu anayegaragara. Simu ikaanguka, nikasikia miguu inakimbia na sauti yake inapiga kelele mbali huko. Pelagia akaja: "Mama! Nani kakufundisha hayo? Jamani, usiseme tena hivyo." Kisha mtandao ukakatika.

Miaka thelathini na mmoja mbele ya darasa sijawahi kuchekwa na mtoto.

Februari 11

Nilifika kwa Adinani saa nne kamili, ila sikukaa. Walikuwapo wateja watatu, mmoja wao Zamda muuza vitenge, ambaye kicheko chake kinasikika mpaka sokoni.

"Adinani," nikasema, "wewe ni mwongo."

"Na wewe umechelewa kujua," akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Ni mzee wa hovyo. Umenifanya nimwite mjukuu wangu bata. Mtoto kanicheka, kaitupa simu, kakimbia."

Zamda akajishika mbavu. "Kamwita bata!"

"Sitanii!" Nikapaza sauti. "Nasema kutoka moyoni. Huna haya, huna utu, umezeeka bure!"

Adinani akasimama, akanipigia saluti. "Endelea, Mnyamwezi. Upande wa mama yangu hujaugusa bado."

Hapo ndipo nilipoona nimenaswa. Tusi kwa mtani ni salamu. Kila nilivyozidi kumtukana, ndivyo watu walivyozidi kufurahi. Nilipomwita mbwa, mpita njia alisimamisha baiskeli yake asikilize vizuri. Nilimtafuta kati yao mtu mmoja, mmoja tu, wa kuamini kwamba nimekasirika, nikamkosa. Machozi yakanitoka, machozi ya kweli yenye chumvi, na Zamda akapiga makofi: "Huyu tumpeleke msibani!" Maana watani wakija msibani hulia kwa mzaha mpaka wafiwa wenyewe wakacheka.

Nimerudi Ipuli kwa miguu, mvua ikininyeshea. Nina hasira na sina pa kuipeleka. Adinani anajua nilivyomtegemea. Utani una mahali pake, lakini huyu ni mjukuu wangu, nami nimebakiza miezi miwili.

Februari 14

Nimepata dawa yake.

Nimevaa gauni la kanisani na viatu vya kufunika. Nimepita kwa Adinani, nikasimama mbele ya baraza, nikakunja goti kidogo. Amenizidi miaka mitano, kwa hiyo ni haki yake.

"Shikamoo, Mzee Adinani."

Cherehani ikanyamaza. Tunafahamiana tangu tuko vijana na hatujawahi kuamkiana kwa heshima hata siku moja.

"Natumaini mmeamka salama," nikaendelea. "Samahani kwa kukusumbua kazini. Masomo sitaweza kuendelea nayo. Nakushukuru sana kwa wema wako."

Adinani alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, lakini marahaba haikutoka. Zamda alikuwapo tena leo, na hakucheka. Nikaaga kwa adabu nikaondoka, mgongo umenyooka.

Februari 17

Amekuja nyumbani. Adinani, ambaye siku zote huingia akiuliza kwa sauti kama Wanyamwezi wameivisha au bado wanabeba kuni, leo amepiga hodi mara tatu. Amevaa kanzu na kofia. Akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mwalimu Adelina, kama nimekukosea, naomba radhi."

"Hujanikosea, Mzee wangu. Karibu chai."

"Ahsante."

"Sukari niongeze?"

"Inatosha, ahsante sana."

Tulikunywa hivyo. Sijawahi kuona chai ndefu namna ile. Mlangoni akageuka: "Bata niliitwa mimi mwenyewe, miaka kumi na moja. Katika hilo sikukudanganya." Nikamwambia nashukuru kwa maelezo. Akashuka ngazi taratibu, kama mtu aliyetoka kufukuzwa kazi. Nilijisikia vibaya, lakini sikumwita arudi.

Februari 20

Nimepalilia mara ya mwisho. Karanga zinajaza maganda chini ya udongo.

Februari 23

Pelagia amepiga. "Mama, Theodora ananisumbua kila siku. Anauliza lini ataongea tena na bibi wa bata."

Nikamwambia mtoto alinicheka.

"Alifurahi, Mama! Bibi yake wa huku, mama mkwe wangu, humsalimia hivyohivyo kila Jumamosi. Alikimbia kumwita baba yake aje asikie."

"Na wewe kwa nini ukaniambia nisiseme tena?"

"Nilitaka uongee vizuri, Mama. Ile ni lugha ya watu wa viwandani."

Nikamuuliza mume wake ni mtu wa wapi. Akaniaga haraka.

Nimekaa na simu mapajani. Mtu pekee aliyenipa maneno ya kweli nimemnywesha chai kama mkaguzi wa shule. Nimekosea, na nimekosea mbele ya watu.

Machi 4

Siku ya tatu ya Ramadhani. Kumwomba Adinani radhi kwa maneno mazuri ningemuumiza zaidi. Maneno mazuri ndiyo yaliyomtia ugonjwa. Kwa hiyo saa saba mchana, jua likiwa kali, nimekwenda Gongoni na sahani iliyofunikwa kawa. Nikaiweka juu ya cherehani, juu ya suruali ya mtu.

Adinani akaitazama, akanitazama. "Mwalimu," akaanza kwa unyenyekevu.

"Mzaramo," nikasema, "nimesikia mnafunga. Nikasema nikuletee futari mapema, maana nyie njaa hamuiwezi."

Akafunua. Sahani ilikuwa tupu.

"Nilikuwa nayo," nikasema. "Nimeila njiani."

Aliinama juu ya cherehani nikadhani analia. Alikuwa anacheka, mabega yanaruka, na mimi nikacheka, na machozi yakanitoka tena. "Mpagazi gani wewe!" akasema alipopata pumzi. "Babu zako mzigo ulifika. Wewe umekula mzigo!"

Tumeendelea na somo palepale. Amenieleza jambo ambalo nimelipigia mstari. Siku yake ya kwanza kiwandani, msimamizi, mama mmoja wa makamo, alimwita "sir", na akamwita hivyo miezi mitatu. Adinani alidhani anaheshimiwa. Siku moja alikata pazia upande usio wake, na yule mama akamwita pumbavu na majina mengine mawili, akamletea chai. Tangu siku hiyo hakuwa "sir" tena mpaka anaondoka. "Huko nako wana utani," Adinani akasema, "ila hawajui kama wanao. Wakikuita sir, bado uko mlangoni."

Machi 19

Mvua kubwa. Ukuta wa choo cha jirani umelala.

Machi 31

Idi. Nimeletewa pilau nyumbani na Adinani, sahani imejaa, na karatasi: "Hii usiile njiani."

Aprili 14

Wamefika. Nilikuwa kwenye kiwanja cha ndege saa moja kabla. Theodora ni mrefu kuliko picha zake, na ana paji la uso la marehemu mama yangu, ambaye mtoto amepewa jina lake.

"Ei-ap mi dak," nikasema.

Akakunja goti. Akakutanisha viganja kifuani kama mtoto wa Kinyamwezi wa zamani. "Shikamoo, Bibi," akasema, kila herufi mahali pake. Halafu kwa Kiingereza: nimefurahi sana kukutana na wewe.

Watu wa pembeni walimsifu. Pelagia akatabasamu. Mimi nikasikia baridi.

Aprili 15

Ndiyo, tafadhali. Hapana, asante. Samahani, naweza kunywa maji? Ugali ni mtamu sana, asante. Maneno yote nayaelewa, moja moja, bila mtafsiri. Ningeweza kufurahi. Sijafurahi hata kidogo.

Aprili 16

Nimembana Pelagia jikoni. Amekiri: amemfundisha kwenye ndege, saa zote za safari. Bibi wa Afrika hajibiwi ovyo, bibi hachekwi, bibi hasalimiwi bata. Mtoto amekuja kwangu ameshikwa na woga kama anayeingia ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Nilitaka akuheshimu, Mama," akasema, na machozi yakamlengalenga. Nikamkumbatia, maana mimi ndiye niliyemlea hivyo. Lakini niko mlangoni. Nina siku tisa.

Aprili 17

Nimemtania nguo zake. Ametabasamu, akasema asante.

Aprili 19

Jana ilikuwa Ijumaa Kuu, hatukugusa jembe. Leo asubuhi udongo ulikuwa laini, tumeng'oa karanga zote, mimi, Pelagia na mtoto. Baadaye Pelagia akaenda kupika, nikatandika mkeka, nikaweka mabeseni mawili, moja langu, moja la Theodora. Nikamweleza kwa Kiingereza changu: tunanyofoa karanga kwenye mashina, atakayejaza kwanza ni mshindi. Akasema ndiyo, tafadhali.

Ana mikono myepesi. Akanipita. Alipogeuka kuchukua shina jingine, mimi, mwalimu mstaafu, mwanakwaya, niliyewachapa watoto wa watu kwa kuibia mtihani, nikachota konzi kwenye beseni lake nikatia kwangu.

Akaona. Akatazama chini. Akaendelea kunyofoa.

Nikaiba tena, na safari hii sikuficha sana. Akaacha kazi. Akanitazama mkono, akatazama mlango wa jikoni, akabana midomo. Nilimwona anavyopigana na adabu zake zote, na nikamhurumia, lakini sikumwachia. Nikasogea. Nikachukua beseni lake zima kwa mikono miwili, nikalimimina kwenye langu, nikakung'uta kitako chake, nikasema, "Brilianti. Nimeshinda."

Akaruka kusimama. Uso umemwiva.

"Bibi!" akapiga kelele, kidole puani kwangu. "Wewe mwizi! Umeniibia mara tatu nimekuona! Wewe ni nampti! Nampti mkubwa kabisa!"

Kiingereza chote, harakaharaka, kile cha dakika nzima bila kupumua. Nilishika kila kitu isipokuwa nampti. Halimo daftarini mwangu, na sikulihitaji daftari.

Pelagia akatoka mbio na mwiko mkononi. "Theodora! Unamwita bibi yako nini? Mwombe radhi, upesi!"

Mtoto akanywea. Mikono ikaanza kurudi nyuma ya mgongo, goti likaanza kukunjika.

"Nyamaza, Pelagia," nikasema. "Usituingilie. Anaongea na mimi."

Kisha nikamgeukia mjukuu wangu, na mimi nikamnyooshea kidole puani. "Nampti," nikamwambia, "ni wewe."

Theodora akamtazama mama yake, aliyesimama na mwiko wake bila la kutafsiri. Akanitazama mimi. Halafu, bila kuondoa macho usoni kwangu, akaingiza mikono yote miwili katika beseni langu.